Majivu ya Mizizi ya Matete

Pampa Sorani, kando ya ziwa
Alhamisi, 27 Novemba

Mdogo wangu mpenzi Wenceslao,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, zangu na za baba, na za kondoo saba waliobaki, maana siku hizi hata wao ni watu wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Zenobia na mtoto Abigaíl, na kwamba huko Buenos Aires kazi ya cherehani bado inakulisheni. Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, kwa hiyo naandika kwamba tupo.

Kabla sijaenda mbali nakuuliza hali yako, na safari hii siulizi kwa desturi. Tumbo linakuuma? Namaanisha maumivu ya kukaza, yanayokuja na kuondoka, na choo kinakataa siku tatu au nne. Mkono unatetemeka? Teodosio alipopita hapa na basi lake mwanzoni mwa mwezi alisema wamekutoa kwenye cherehani wamekuweka kukata nyuzi, kwa kuwa ulikuwa huwezi tena kuupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilimwambia Teodosio kwamba wewe tangu utotoni ni mvivu wa macho. Sasa nakuomba usimame mbele ya kioo, uvute mdomo wa chini, utazame fizi pale zinapokutana na meno. Ukiona mstari mwembamba wa buluu, usisome zaidi. Nenda hospitali, barua utaimalizia kwenye foleni.

Nimekupigia simu tangu jana mpaka kidole kimeota sugu, haipatikani. Ndiyo maana naandika. Basi la Teodosio linapita kesho asubuhi, na ameniapia atakukabidhi mkononi, hata kama itabidi akungoje mlangoni mwa karakana.

Baba ni mgonjwa, Wenceslao. Nilikuficha, nikidhani ni mambo ya uzee na yatapita. Septemba tumbo lilimshika akawa anapiga ukuta kwa ngumi, yeye ambaye alivunjika mguu machimboni akarudi nyumbani akiimba. Halafu kichwa, halafu kusahau. Akaanza kuniita kwa jina la mama. Mwanzoni nilimsahihisha, baadaye nikawa naitika tu. Oktoba tukampeleka Oruro, akalazwa siku kumi na tisa. Alirudi amepata nafuu kabisa, anakunywa supu ya viazi vikavu vya chuño bakuli mbili, ananitania kwamba mapishi ya hospitali yamemfundisha kunishukuru. Alishona hata ile kamba ya punda iliyokatika. Nilijua amepona. Kisha akaanguka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza, na hayo nitayafikia.

Wala hakuwa peke yake. Watu kumi na mmoja wengine hapa kijijini wamepatwa na ugonjwa huo huo, wengi wao watu wazima, na mke wa mzee Nicanor ndiye mwenye hali mbaya zaidi baada ya baba. Damu yao ilipopimwa ikaonekana ina risasi, ile ya madini.

Hapo ndipo lazima nikueleze habari ya vyelezo, kwa sababu wewe uliondoka mapema. Unakumbuka maji ya ziwa yalivyokuwa, rangi ya kutu, yakitiririka kutoka mgodi wa juu kila mvua iliponyesha, na bata waliokuwa wakielea matumbo juu. Miaka miwili iliyopita Delfina, binti wa mama Crispina, yule uliyekuwa ukimwita Kiroboto, alirudi na shahada yake akaitisha mkutano. Akasema tufunge pamoja chupa tupu za plastiki, tupande matete yetu juu yake, tuyaeleze ziwani. Mizizi itaning'inia majini bila udongo, na kwa kuwa haina udongo wa kula, itakula kilicho ndani ya maji, ikiwemo ile risasi. Mzee Nicanor alimuuliza kama amesoma miaka mitano kuja kuwafundisha Waaymara kupanda matete. Watu waliangua kicheko, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Unanijua.

Lakini nilikwenda kuangalia, kwa umbea tu, na jioni hiyo nilikuwa nafunga chupa na wenzangu. Tulitengeneza vyelezo mia moja na sitini. Ulipopita mwaka mmoja, ukikinyanyua chelezo unaona mizizi imeshuka ndefu kama ndevu za beberu, nyeusi, imejaa uchafu. Mwaka wa pili, maji ya upande wetu yakaanza kuonyesha chini. Bata wakarudi. Baba alikuwa akienda kila asubuhi kutumbukiza mkono na kuuangalia, eti anahesabu vidole vyake ndani ya maji, vitano vyote, akarudi nyumbani amefurahi. Alisema mara ya mwisho kuviona vidole vyake humo ndani alikuwa hajaoa.

Delfina alitupa sharti moja tu, akalirudia mpaka tukamwita kasuku. Mizizi iliyokwisha kushiba ikatwe kila mwaka, itiwe kwenye shimo lililotandikwa plastiki, imwagiwe chokaa na kufukiwa. Alisema tusidhani matete yanaimaliza sumu kama tumbo linavyomaliza chakula. Yanatushikia tu, na tukiyaachia, inarudi kwetu. Shimo likazungushiwa uzio na kufuli, na ufunguo akapewa dada yako, kwa sababu mimi ndiye mkali na hakuna anayethubutu kuniomba kitu mara mbili. Nilitembea na ufunguo huo shingoni kama mtawa na msalaba wake.

Sasa fikiria mkutano wa Jumapili ya tarehe kumi na sita mwezi huu. Watu kumi na wawili wana risasi mwilini, na kabla ya vyelezo hakuna aliyekuwa akiugua hivi, angalau hakuna aliyepimwa. Mzee Nicanor alisimama, kofia mkononi, akasema mkewe hatambui tena wajukuu wake. Alimwambia Delfina kwamba miaka arobaini sumu ilikaa zake kule ziwani, yeye akaja kuiita ije mlangoni. Kisha akaketi. Hakuna aliyecheka safari hii. Wengine wakadakia. Mmoja akasema msichana analipwa na mgodi. Mwingine akasema hapana, anataka tu picha za kuwaonyesha wazungu. Mama Crispina alijifunika shali mpaka machoni.

Delfina hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja moja. Kuna aliyekula moyo mweupe wa matete ya kwenye vyelezo? Hakuna. Kuna aliyelisha mifugo? Hakuna, na ni kweli, maana wote tuliogopa. Kuna aliyeyaezekea au kuyachoma? Wakatikisa vichwa. Basi akanigeukia mimi, akasema mama Basilia ndiye mwenye ufunguo na wote mnajua hasemi uongo hata wa kumpendeza mtu, aseme yeye kama shimo liko salama.

Nikasimama nikasema shimo liko salama.

Mwenyekiti wa kijiji akapitisha uamuzi. Jumapili hii inayokuja, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, watu wote wakiwepo, vyelezo vitavutwa nchi kavu, vikaushwe na kuchomwa moto, na Delfina aondoke kijijini kabla ya Krismasi. Alisikiliza, akashukuru mkutano kwa adabu, akamshika mama yake mkono wakatoka. Alipopita karibu yangu alinigusa bega akasema pole kwa ajili ya baba.

Sasa nafika kwenye neno ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza. Kaa chini, mdogo wangu.

Mwaka huu mvua ilitukimbia. Kondoo wakafa, kondoo wakifa hakuna samadi ya kuwasha, na lori la gesi halikufika tangu Machi. Hapa hakuna mti, unajua mwenyewe. Mwezi wa Mei baba alikuwa analala na poncho mbili na bado meno yanagongana. Nami nilikuwa na shimo zima la mizizi, bado halijafukiwa lote, imekauka vizuri kabisa kwa baridi, na ufunguo uko shingoni. Nikasema moyoni, maji yamekuwa safi, basi na matete ni safi, Kiroboto amesoma sana mpaka anaogopa mizizi. Nikachukua gunia moja. Ikawaka vizuri, polepole, kama samadi bora. Nikachukua gunia jingine. Kufikia Juni shimo lilikuwa tupu, nami nikalijaza udongo na kumwaga chokaa juu ili lionekane limefungwa.

Hata hayo ningeyameza. Lakini kwinoa nayo haikuota, na bila mabua ya kwinoa ningepata wapi majivu ya llujta ya kutafunia koka? Unajua mkono wangu. Hakuna anayekanda llujta kama mimi kandokando ya ziwa hili lote, hata mama alikiri, naye hakuwa mtu wa kukiri. Watu wangetafuna nini na koka yao? Majani matupu, kama punda? Basi jiko lilikuwa limejaa majivu meupe, laini kama unga. Niliyachekecha, nikayakanda kwa maji ya viazi, chumvi na anisi kidogo, nikafinyanga vibonge nikavianika. Nilionja cha kwanza. Kilikuwa na utamu fulani ambao llujta ya kwinoa haina. Nilijisifu, Wenceslao. Niliwapelekea majirani, wakanipa viazi, wakarudi kuomba tena. Mke wa Nicanor alisema mwaka huu nimejishinda. Na baba alitafuna kutwa kucha, shavu limevimba, akisema mkono wangu ndio unaomfanya aendelee kuishi.

Tarehe tano Novemba Delfina alikuja na majibu ya damu za wale wengine. Alisimama mlangoni akanisomea majina kumi na moja. Alipofika jina la nne nilishajua. Yalikuwa ni majina ya watu niliowapelekea vibonge, karibu kwa mpangilio ule ule niliopita na kikapu. Aliuliza mbona nimekaa chini. Nikasema miguu.

Na hapa ndipo dhambi yangu yenyewe ilipo, maana ya kwanza ilikuwa ujinga, na mjinga unaweza kumsamehe. Siku hiyo baba, aliyekuwa amepona, aliyekuwa anashona kamba, alinyoosha kiganja akaomba llujta yake. Nami nikampa. Kumnyima kungetaka sababu, na sababu ingekuwa mimi. Nilijiambia ni kibonge kimoja, kesho nitatafuta maneno. Kesho yake nikampa tena. Nilijiambia labda si yenyewe. Nilimpa siku tisa, Wenceslao, nikijua. Hospitali walimtoa shimoni, nami nikamrudisha humo kwa mkono huu huu anaousifu. Siku ya kumi alianguka karibu na jiko, mwili unaruka wote, na alipotulia akaniuliza mimi ni nani.

Baada ya hapo nilipita nyumba kwa nyumba nikidai vibonge vimeota ukungu, wanirudishie. Wengine walinirudishia. Nicanor alinifukuza kwa maneno, akasema hajawahi kuona mtu anayetoa zawadi akairudia kuichukua, na mkewe hana furaha nyingine iliyobaki. Nami nikageuka nikaondoka. Siku mbili baadaye nikasimama mkutanoni nikasema shimo liko salama.

Nilikuwa nataka kunyamaza moja kwa moja. Nakueleza hivi ili usinione bora kuliko nilivyo. Nilishaona kabisa jinsi itakavyokuwa: vyelezo vinachomwa, Delfina anaondoka, watu wanaacha kuugua kwa sababu llujta imekwisha, na kila mtu anasema unaona, yalikuwa matete. Lakini kila nikifumba macho naona moshi. Nimechoma shimo la mwaka mmoja jikoni kwangu na haya yametokea. Jumapili wanataka kuchoma mizizi ya ziwa zima, upepo ukivuma kuja kijijini, na watoto watakuja kuota moto kwa baridi, na wanawake watazoa majivu kwa ajili ya llujta, kwa sababu hakuna mwanamke wa Pampa Sorani anayeacha majivu yapotee. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba majivu hayo ni matamu.

Baba sasa amekaa siku kumi na tatu bila llujta. Mwanzoni alinitukana, akasema nimekuwa mchoyo kama mgodi. Jumanne akili ilianza kumrudia, akaniita kwa jina langu. Jana asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia yote, kuanzia gunia la kwanza mpaka siku ya tisa. Sikupunguza. Nilingoja anilaani, na nilikuwa tayari, ningeshukuru. Alitazama mikono yake juu ya blanketi. Kisha akauliza kitu kimoja tu. Aliuliza kama nilimtumia Wenceslao.

Mdogo wangu, nilikuwa nimesahau. Nimehesabu nyumba kumi na moja usiku na mchana, na ya kumi na mbili nikaisahau. Kopo la maziwa ya unga nililokutumia Julai kwa mkono wa Teodosio, pamoja na koka ya sadaka ya Agosti kwa Mama Ardhi, lina vibonge ishirini na vinne vya majivu hayo. Nilichagua vizuri zaidi vya kwako. Usitafune tena hata punje. Wala usivitupe mahali mtu atakapoviokota. Funga kopo, nenda nalo hospitali, waambie ni risasi, waambie wapime damu, na wasipokusikiliza ubaki hapo mpaka wakusikilize.

Kuna jambo jingine na mkono unakataa kuliandika. Ndani ya kopo niliweka kikaratasi. Nilimwambia wifi kwamba vumbi litakalobaki chini asilitupe, ukichemshia mahindi ya mote linamenya maganda vizuri kuliko chokaa ya dukani. Zenobia ni mwanamke mwangalifu, hapotezi kitu. Kama alimenya, na kama Abigaíl alikula, basi kabla ya kutazama fizi zako tazama za mtoto. Delfina aliwahi kutuambia kwamba mtoto huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima hata hakihisi. Wakati ule nilikuwa nasikiliza nusu.

Delfina mwenyewe bado hajui. Nikimaliza kufunga bahasha hii namkabidhi jirani ampe Teodosio kesho, halafu navaa kofia naenda kwa mama Crispina, na kutoka hapo wote pamoja kwa Nicanor, sitangoja Jumapili. Ufunguo nimeshauvua shingoni. Watanifanya wanavyotaka. Baba anasema nimwache na maji karibu, niende.

Anakusalimu sana. Hawezi kushika kalamu, ila ameniamuru niandike kama alivyosema, kwamba ukitaka kunigombeza usinigombeze kwa barua, njoo unigombeze hapa hapa, ukiwa mzima, naye akisikia. Msalimie Zenobia. Usimwambie kwamba namwomba msamaha, nitamwomba mwenyewe siku atakayokubali kuniona. Mbusu Abigaíl kwa ajili ya shangazi yake, ila mdomo wake uufungue kwanza kwenye mwanga wa dirisha, utazame.

Ni mimi, dada yako, kwa mkono ule ule,

Basilia Huarachi